Unga wa Amirah

Jumatatu, 3 Machi

Hata saa mbili haijafika nimeshagombana na mama mgeni. Anaitwa Zuleha, anauza leso na vitenge soko la Kibuye, na amemleta binti yake Amirah, miaka mitatu, macho makubwa, kimya kabisa. Amekuja na karatasi ya daktari na kijaruba cha plastiki. Ndani ya kijaruba kuna sindano iliyotengenezwa kama kalamu nene. Karatasi inasema mtoto ana mzio wa njugu, yaani karanga. Sisi huku tunasema aleji. Akila njugu hata chembe, mwili unavimba, koo linaziba, na asipodungwa ile sindano pajani upesi, anaweza kufa.

"Mtamzika," ndivyo alivyosema Zuleha, mbele ya watoto wengine. Mama gani huyu?

Akataka kijaruba kitundikwe chumba cha watoto, mahali mkono unafika. Nikamwambia haiwezekani, asome ukuta. Ukutani kuna sheria: Mfanyakazi asimpe mtoto dawa yoyote. Dawa zote zifungiwe kabati la ofisi. Mzazi apigiwe simu kwanza. Akauliza ni mjinga gani aliandika hayo. Nikamwambia ni mimi.

Na sijutii. Miaka miwili iliyopita nilimfuma msichana aliyekuwa akifanya kazi hapa akiwanywesha watoto dawa ya kikohozi ili walale, naye apate kuchezea simu. Watoto kumi na mmoja, saa nne asubuhi, wamelala hata nzi akitua mdomoni hawasikii. Nilipiga kelele mpaka majirani wakajaa mlangoni. Madam Jentrix, mwenye kituo hiki cha kulelea watoto, alimfukuza siku hiyo hiyo, akaniambia niandike sheria. Nikaandika kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi ya manila. Leo Madam amechukua kijaruba cha Zuleha, akakifungia kabatini, akatia ufunguo mkobani mwake. Basi.

Nimeanza kuandika haya kwa sababu nikifika nyumbani na hasira zangu sina wa kumwambia. Tangu mume wangu Kiragu afariki, miaka sita sasa, nazungumza na watoto wa watu mchana, na usiku nazungumza na sufuria.

Jumanne, 4 Machi

Jua kali. Amirah hajasema neno tangu aje. Tuko wawili tusio na wa kuzungumza naye.

Ijumaa, 7 Machi

Shida nyingine. Uji wa kituo chetu unajulikana mtaa mzima wa Migosi: wimbi, mtama, mahindi, dagaa wa omena na njugu, vyote vinasiagwa pamoja. Madam anauita uji wa nguvu. Zuleha anataka njugu itolewe. Madam akasema, "Aii, Mama Amirah, hiyo uji ndio wazazi wananipendea. Nikitoa njugu nitabaki na nini?"

Walikuwa karibu kushikana. Mimi nikaingilia. Nikasema Amirah apikiwe uji wake wa wimbi tupu, sufuria yake, kikombe chake chekundu, na wimbi nitalichambua, nitaliosha, nitalianika na kulipeleka kisiagi mimi mwenyewe. Nisimwachie Elsie, msichana tunayefanya naye kazi, ambaye ana moyo mzuri lakini kichwa chake kiko kwenye simu.

Zuleha akakubali. "Haya, Mama. Hilo nakuachia wewe."

Sijui kwa nini niliona raha kusikia hivyo.

Alhamisi, 13 Machi

Zuleha amefunga, ni Ramadhani, midomo imemkauka, lakini alisimama mlangoni nusu saa akinifundisha sindano. Alileta ya mazoezi, isiyo na ncha. Toa kifuniko. Shika kwa ngumi. Gandamiza pembeni mwa paja, hata juu ya suruali, mpaka isikike "tak." Usiinue haraka, hesabu. Kisha mlaze, miguu juu, hospitali.

Nilimwambia mimi ni mtu wa miaka hamsini na sita, nimelea watoto kabla yeye hajazaliwa, sifundishwi. Akasema, "Rudia, Shosho." Kaniita Shosho, bibi, kama watoto wanavyoniita. Nikarudia mara tatu kwenye paja langu, Elsie akicheka mpaka anashika ukuta.

Nikamuuliza sindano yenyewe anaipata wapi, maana sijawahi kuiona kwa duka lolote la dawa mjini. Akasema kaka yake Mujahid yuko Doha, humtumia kila mtu wa kwao akirudi. Baba Amirah, Faraji, ni dereva wa lori, yuko njiani siku zote. Kwa hiyo yeye pia hula peke yake. Hilo hakulisema, nililiona tu.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua imeanza. Ilishuka kutoka upande wa ziwa saa tisa, mara moja, bila hodi. Watoto walilia, kisha wakazoea.

Jioni majirani zangu walikuwa wamekaa varanda wakipiga gumzo kwa Kijaluo. Nilipopita wakanyamaza, wakanisalimia kwa Kiswahili, vizuri kabisa, na heshima. Wakaanza tena nilipofunga mlango. Miaka ishirini na mbili niko mji huu, nasikia kila neno wanalosema, hata walilosema kuhusu paa langu linalovuja. Hakuna aliye mbaya kati yao. Mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, sisi Wakikuyu tulipokuwa tukisakwa, ni wao walinificha. Lakini hawajawahi kuniuliza nimepika nini.

Jumapili, 23 Machi

Mvua. Janice binti yangu hajapiga simu kutoka Nakuru, wiki ya tatu. Nimejipigia mwenyewe kwa simu yangu ya pili, ile ndogo, kuona kama laini inafanya kazi. Inafanya.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Kituo kimefungwa. Nilikuwa nafua, peke yangu ndani ya ploti, nikasikia mlango. Zuleha, amevaa buibui jipya, na Amirah kwenye gauni la dhahabu linalomeremeta mpaka viatu. Wameniletea pilau na kachumbari kwenye bakuli lililofunikwa.

"Tulikuwa tunapita tu," akasema Zuleha. Uongo mtupu. Wanakaa Manyatta, hakuna mtu hupita Migosi akielekea msikitini akitoka Manyatta kwa mvua namna hii.

Hawakuingia, walikuwa na wageni. Lakini Amirah aligeuka getini akasema, "Shosho, kula." Neno la kwanza tangu nimjue, na ni amri. Nililia nikila. Lazima niandike ukweli hapa kama si pengine popote.

Jumamosi, 5 Aprili

Siku njema. Wimbi la Amirah lilikuwa limekataa kukauka wiki nzima kwa hii mvua, mpaka nikalianika ndani, juu ya kitanda changu, nikalala kwa kiti usiku mbili. Leo limekauka. Nikalipeleka kisiagi cha Wesonga, Manyatta, nyuma ya kanisa.

Stima ilikuwa imepotea tangu jana, mashine imezima, kwa hiyo foleni ilikuwa ndefu mpaka barabarani. Ilivyorudi kila mtu akasukumana. Mimi kisiagi nakijua. Mjinga hukaa nyuma ya mtu wa mahindi makavu. Mwenye akili hutafuta mama aliyebeba mchanganyiko mzuri, kwa sababu ule unga wa kwanza unaotoka ni wa aliyetangulia, umebaki kwenye mawe, na unakuwa wako bure. Kiragu alikuwa akinicheka, akisema napika uji wa watu. Basi nikamwona Jacinta wa kanisani na debe lake la wimbi, njugu na soya, anamlisha mjukuu. Nikajipenyeza nyuma yake sawasawa.

Wesonga akasema, "Mama Janice, wewe leo pia umejua pa kukaa!" Watu wakacheka. Nikamwambia asage laini, ni ya mtoto.

Nimerudi nikiimba.

Jumatatu, 7 Aprili

Nitaandika yote jinsi ilivyokuwa.

Asubuhi mvua kubwa, mabati yakipiga kelele mpaka unaongea na mtu sikioni. Madam Jentrix alikuwa ameenda Dunga kuchukua samaki wa matanga ya shemeji yake. Saa nne tukawapa watoto uji. Amirah alipewa wake, sufuria yake, kikombe chekundu, nimepika mimi, unga ule mpya wa Jumamosi. Akanywa wote. Akasema, "Tamu."

Haikupita dakika tano. Akaanza kujikuna shingo. Nikadhani ni mbu. Nikamfunua nikaona viuvimbe vimemjaa kifuani, vyekundu. Midomo ikaanza kuvimba nikiiangalia. Akakohoa, kikohozi cha ajabu, kikavu, kisha akatapika. Akaniangalia akajaribu kuniita, na sauti ikatoka nyembamba, si yake.

Nikajua. Nikajua kabisa, na bado nikaenda kwenye simu. Kwa sababu sheria inasema mzazi kwanza, na sheria ni mimi niliandika. Nikampigia Zuleha, hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Elsie akampigia Madam, simu inalia tu, haishikwi. Nikapiga mara ya tatu. Mara ya nne. Mtoto yuko mikononi mwangu anavuta pumzi kama mtu anayefyonza maziwa mazito kwa mrija, na mimi napiga simu. Nne! Naandika hesabu hiyo ili nisije nikajidanganya baadaye.

"Shosho, anakuwa bluu!" Elsie akapiga kelele.

Nikamwekea mtoto mikononi, nikachukua lile jiwe tunaloegemezea mlango, nikaingia ofisini. Kofuli lilikuwa gumu, sikuligusa. Nikapiga bawaba za pembeni, mara moja, mara mbili, mlango wa kabati ukang'oka na misumari yake. Vikombe vya Madam vya wageni vikavunjika vyote. Nikatoa kijaruba.

Elsie alikuwa amelia mpaka hasikii. Nikamwambia, "Shika miguu, nyathi huyu hafi leo." Sijui hilo neno la Kijaluo la kumwita mtoto lilitoka wapi. Nikatoa kifuniko. Ngumi. Pembeni mwa paja, juu ya suruali. Tak. Nikahesabu mpaka kumi kwa Kikuyu kwa sababu ndiyo hesabu ambayo haiwezi kunipotea. Amirah alipiga yowe, na yowe lile, Mungu anisamehe, sijawahi kusikia sauti tamu hivyo. Maana anayelia anapumua.

Nikasimamisha tuktuk barabarani, tukamlaza kwenye kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja yangu, miguu juu ya kifurushi cha nepi. Elsie akabaki na watoto. Hospitalini walimpokea mbio, wakamwekea oksijeni, wakamdunga nyingine. Yule nesi akaniuliza nani alimpa ya kwanza. Nikasema mimi. Akasema, "Umechelewa kidogo, lakini umefanya."

Umechelewa kidogo.

Zuleha alifika saa saba, leso imeloa imemganda. Simu yake iliingia maji sokoni, ikabidi Elsie amtume jirani kumfuata. Alimshika mtoto, kisha akanishika mimi, akanikumbatia mbele ya watu wote wa wodi, akalia begani mwangu. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunikumbatia. Nadhani ni matanga ya Kiragu.

Jumanne, 8 Aprili

Amirah ametolewa, mzima. Daktari aliuliza amekula nini. Nikasema wimbi tupu. Akasema haiwezekani, kuna njugu mahali. Nikaapa. Nikamwambia nililichambua mimi, nikaliosha mimi, nikalilinda hata kitanda nikajinyima mwenyewe.

Nimerudi nyumbani saa kumi na moja, nimeketi, nimevua viatu. Nikafungua kopo la unga ninuse tu, nijiridhishe. Unga wa juu unanuka wimbi. Nikatia kijiko ndani kabisa, mpaka chini, nikidhani ndiko ulikokaa unga wa kwanza wa kisiagi, nao pia unanuka wimbi, kisha nikakumbuka kwamba jana asubuhi nilikuwa nimeumimina wote kwenye kopo hili kutoka mfukoni, kwa hiyo ule wa kwanza, uliokuwa chini ya mfuko, ulikaa juu ya kopo, na ndio huo niliochota nikampikia Amirah.

Jacinta. Debe la njugu na soya. Mimi nikijipenyeza.

Ngai mwathani, Mungu wangu. Ni mimi.

Jumatano, 9 Aprili

Nimemwaga unga. Nimeosha kopo mara sita. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 13 Aprili

Zuleha amenialika chakula cha mchana. Nyumba yake ni chumba na sebule, pazia la bluu, harufu ya udi. Amenipikia wali wa nazi na samaki, ameninawisha mikono mwenyewe kama mkwe. Faraji alikuwepo, amekuja na lori usiku, mtu mpole mwenye macho mekundu ya barabara. Akaniambia, "Mama, mimi sina maneno. Hapa ni kwenu." Amirah alilala mapajani mwangu akiwa na kipande cha chapati mkononi.

Zuleha akasema tangu mama yake afariki hajapata mtu mzima wa kumkalia hivi. Akaniuliza napenda samaki gani, ili Jumapili ijayo ajue.

Nilikuwa na maneno mdomoni. Nikayala pamoja na wali.

Jumatano, 16 Aprili

Madam amepata wa kubeba lawama. Anasema Elsie ndiye alichanganya vikombe, akampa Amirah uji wa wengine, kwa sababu ya simu. Zuleha ameamini. Mbona asiamini, mimi nimeapa wimbi lilikuwa tupu. Elsie ataondoka mwisho wa mwezi, na Zuleha amesema hataki amguse mtoto tena.

Elsie alinifuata jikoni, kamasi zinamtoka. "Shosho, walai nilimpa kile chekundu. Ulikuwa hapo. Uliniona."

Nikamwambia, "Nyamaza, tutaona." Tutaona! Nimekuwa mtu wa kusema tutaona. Mimi niliyepiga kelele mtaa mzima kwa sababu ya dawa ya kikohozi.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Nilienda kanisani nikatoka kabla ya maombi. Jacinta alikuwa kiti cha mbele, na mjukuu wake amenona.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Zuleha alipiga simu mara mbili, samaki wako tayari. Nikasema naumwa. Mvua imenyesha kutwa nzima na paa linavuja mahali papya.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimeenda. Kwa miguu, chini ya mvua, ili nisipate nafasi ya kushuka njiani.

Zuleha alifurahi. Akaniletea taulo, akaanza kuchemsha chai. Nikamwambia zima jiko, keti. Nikamweleza kisiagi kilivyo. Kwamba mawe hayaoshwi, yanabaki na unga wa mtu wa mbele. Kwamba kila mama anajua, na wengine tunautafuta. Kwamba Jumamosi ile nilimwona mtu wa njugu nikamkimbilia mwenyewe, kwa miguu yangu, kwa mazoea ya miaka ishirini, nikiwa nimebeba wimbi la mtoto wake. Kwamba Elsie hana kosa. Na kwamba nilijua tangu Jumanne ile, nikaja nikala wali.

Hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga. Aliuliza jambo moja tu: "Jumapili ile, mtoto alipokulalia, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akainuka, akampeleka Amirah chumbani, akafunga mlango. Alirudi na mwavuli wake, akanipa. "Mvua," akasema. Nikatoka.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemwambia Madam mbele ya Elsie. Madam alikaa chini akaniita kwa jina langu, "Yawa, Bilha." Elsie anabaki. Nilidhani atafurahi. Akaniangalia akasema, "Siku sita, Shosho. Siku sita ukaniangalia tu nikilia." Ameanza kuniita Mama Janice.

Amirah hakuletwa. Zuleha alituma mtu akachukua nguo na kikombe.

Ijumaa, 25 Aprili

Madam ameninunulia manila mpya. Akasema, "Wewe ndio uliandika ya kwanza, andika na hii." Nikabandua ile yangu nyekundu. Nimeandika: Dawa ya kuokoa maisha haifungiwi. Itundikwe juu, mtoto asifikie, mkubwa afikie. Kila mfanyakazi afundishwe kuitumia. Sindano kwanza, kisha hospitali, kisha mzazi. Chakula cha mtoto mwenye aleji kitoke kwao, kimepikwa na kufungwa. Dawa nyingine zote zibaki kabatini kama zamani, hapo sijabadilisha hata nukta.

Nikapigilia msumari kando ya mlango. Hakuna cha kutundika. Mtoto mwenyewe hayupo.

Jumamosi, 3 Mei

Nimeenda kwa Wesonga nikamwambia yote, mbele ya foleni. Akasema atanunua jiwe lingine kwa ajili ya watoto wagonjwa. Hatanunua. Lakini mama mmoja alitoka kwenye foleni akarudi nyumbani na debe lake, anasema mtoto wake hutokwa na vipele na hakuna aliyewahi kujua ni nini.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Watoto kumi na wanne. Nilikuwa nimeshazoea kuhesabu kumi na tano.

Jumatano, 14 Mei

Nilipita Kibuye kununua nyanya. Nilimwona Zuleha kwa mbali, anakunja leso, Amirah amekaa chini ya meza anakula ndizi. Nilikuwa na mwavuli wake mkononi. Nikasimama nyuma ya wauza viazi kama mwizi, kisha nikarudi na mwavuli, na nyanya sikununua.

Jumapili, 18 Mei

Janice alipiga. Nikamweleza yote, tangu mwanzo. Akasema, "Mami, mbona hukuniambia?" Nikamjibu hakupiga. Akasema na mimi pia nina vidole. Ni kweli.

Alhamisi, 22 Mei

Saa kumi na mbili jioni, simu. Zuleha. Hakusalimu.

"Amirah anaanza kituo kingine kesho, hapa Manyatta. Wasichana wanne, hakuna anayejua kushika sindano. Nimejaribu kuwaonyesha, mkono wangu unakataa. Nakumbuka wodi. Utakuja?"

Nikasema nitakuja. Akakata.

Ijumaa, 23 Mei

Nimeomba ruhusa kwa Madam, nikafika mapema. Kituo kipya ni kidogo, kisafi, kimejengwa kwa mabati. Zuleha alikuwa amekaa kwenye mkeka kule nyuma, Amirah mapajani. Nikamrudishia mwavuli. Akaupokea akauweka kando. Amirah alitaka kuja, mama yake akamshika kidogo, si kwa nguvu.

Wasichana wanne, wadogo, kucha za rangi. Walikuwa na sindano mbili ambazo muda wake umepita na mapapai mawili. Nikawaonyesha. Kifuniko, ngumi, pembeni mwa paja, tak, hesabu. Wa kwanza alidunga papai akafunga macho. Nikamwambia fungua macho, papai halikuogopi. Wakacheka. Wakarudia, kila mmoja, na sindano zilipokwisha wakarudia kwa kalamu ya kuandikia mpaka mikono ikazoea.

Kisha mmoja akauliza kama sheria ya hapa, ya kumpigia mzazi kwanza, ni sawa. Nikasema hapana. Nilikuwa nimepanga kuishia hapo, niende zangu. Nikajikuta naendelea. Nikawaambia kuhusu simu nne. Nikawaambia kuhusu kisiagi, na mtu wa njugu, na jinsi nilivyojipenyeza nikijiona mjanja. Nikasema, "Aliyemlisha mtoto huyu sumu ni mimi. Na Elsie, mfanyakazi mwenzangu, alilia siku sita kwa sababu yangu. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama ndiyo nyumba pekee unayokaribishwa."

Sikuweza kuangalia mkeka ule wa nyuma.

Yule msichana wa kwanza, mdomo hauna breki, akauliza, "Na huyo mama wa mtoto, alikusamehe?"

Zuleha akajibu kutoka kule nyuma.

"Bado," akasema.

Wasichana wakainamisha vichwa. Nikaanza kukusanya vitu vyangu, miwani, kalamu, kitambaa. Nilipofika mlangoni mvua ilikuwa inaanza tena. Nikamsikia Zuleha ameinuka, anavaa ndala.

"Umekunywa chai?" akaniuliza.

Nikamwambia sijanywa.